Kitabu Alichokivuta Baba Mkubwa

Namshukuru Mungu aliyeumba juu na chini, akaniwekea miguu chini na macho juu, akanipa miaka mingi ya kuvitazama vyote viwili. Namshukuru kwa mvua na kwa kiangazi, kwa walionipenda na kwa walionichukia, maana wote wamenifundisha kuomba. Jina lake lisifiwe kabla sijasema neno langu, kwa sababu maneno yangu leo yana ukali, na sitaki ukali huo umtangulie.

Juzi nilikuwa Hasamba msibani. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai pamoja na akina mama wenzangu, mazishi yakisubiri wageni wa mwisho, mzee mmoja alipokwenda nyuma ya banda la kahawa kuwasha msokoto wake. Siku hizi watu huvuta sigara za paketi. Yeye alikuwa amesokota tumbaku yake kwenye karatasi iliyochapwa, kama walivyofanya wazee wetu. Upepo ukauleta moshi hadi tulipo. Ninyi wa umri wangu mnaijua harufu ile: tumbaku ni chungu, lakini wino unapoungua juu yake huja utamu mbaya kama wa dawa ya kikohozi. Nilipoivuta ile harufu, mkono wangu wa kulia ukajikunja ngumi mapajani, juu ya khanga, mbele ya akina mama wa kanisa. Nilihitaji muda kuufungua.

Marehemu alikuwa Baba mkubwa Yoramu, kaka yake baba yangu. Na mimi, mwinjilisti mstaafu, ndiye niliyekabidhiwa kusoma wasifu wake.

Nilizaliwa pale pale Hasamba, kwenye shamba la kahawa ambamo juzi walimzika Baba mkubwa. Baba yangu alikuwa mdogo wake. Miezi ya kilimo baba alikuwa nasi, na miezi mingine alikwenda Tunduma kuchimba mchanga wa kujengea. Kila aliporudi alikuwa na kitu cha mpakani: sabuni yenye harufu tusiyoijua, pipi za Zambia, siku moja redio isiyolia. Mama yangu alikuwa Mndali wa Ibaba, kule milima ya Ileje, na kwa ukoo wa baba hilo halikusahauliwa hata siku moja. Akipika ugali ukawa laini, walisema ni ugali wa Ileje. Akinyamaza, walisema Wandali wana kiburi. Akisema, walisema wana mdomo.

Msimu mmoja baba hakurudi kwa miguu yake. Ukingo wa shimo la mchanga ulimporomokea. Aliletwa nyuma ya lori, ndani ya jeneza lililopigiliwa misumari pande zote, na watu wazima wakakubaliana kwamba lisifunguliwe. Sikuonyeshwa uso wake. Niliona sanduku likishushwa ardhini, halafu kila mtu mzima aliyenishika kichwa aliniita kwa jina langu, akaniambia, "Tumpe, usilie, baba yako yuko juu." Nilikuwa mtoto wa kufikiri. Niliona kinachoshuka, nikaambiwa kilichopanda. Nikaamua moyoni kwamba lile sanduku lilikuwa tupu na kwamba watu wazima wanaona aibu kusema hivyo.

Wenzake wa shimoni walileta pia sanduku lake dogo la bati. Ndani mlikuwa na blanketi, wembe, nyundo yake ya kuvunjia mawe, na kitabu. Kitabu kiliandikwa kwa Kiswahili na kilieleza maisha ya mtu mmoja wa nchi za baridi, miongoni mwa watu wa kwanza kurushwa juu kuliko mawingu, juu kuliko ndege, mpaka mahali ambapo mchana ni mweusi. Jalada lilikuwa na picha yake, amevaa kichwani kitu kama chungu cha kioo, anacheka. Sijui baba alikipata wapi. Tunduma kila kitu hupita. Lakini mimi nilijua kwa nini kimo ndani ya sanduku. Baba amekwenda juu, na ameacha kitabu cha kueleza safari. Ilikuwa wazi kabisa.

Mama hakujua kusoma. Nilimsomea wakati tukichambua kahawa juu ya vichanja, mimi nimekaa kwenye debe, yeye akitoa punje mbovu kwa vidole vyepesi. Nilisoma kwamba yule mtu alizaliwa kijijini, kwamba nyumba yao ilikuwa ya miti, kwamba alichunga ng'ombe, kwamba aliomba kazi ya urubani akakataliwa, akaomba tena. Mama aliuliza maswali yake bila kuinua macho.

"Huko juu alikula nini?"

"Alikula chakula cha kukamua, kama dawa ya meno."

"Masikini. Na mkewe aliachiwa nani?"

"Hawajasema."

"Hawasemi kamwe," mama akasema, akatupa punje mbovu mbali kuliko ilivyohitajika.

Nilisoma polepole kwa makusudi. Niliogopa kufika mwisho. Mwisho ndipo penye habari ya kurudi, na habari ya kurudi ndiyo habari ya baba. Kitu kama hicho mtu hakimalizi kwa pupa.

Baba mkubwa Yoramu alianza kuja uani kwetu kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuja kudai kile ambacho wazee wake walidai, yaani kumrithi mjane wa mdogo wake. Nilikuwa ndani nikisikiliza kupitia ukuta.

"Shemeji," mama alimwambia, "nimezika mume mmoja. Wa pili sijamwomba Mungu, na wewe hukutumwa naye."

"Sikuja kubembeleza. Nimekuja kukueleza utaratibu."

"Mkeo wa kwanza anaujua huo utaratibu? Au nimwite, tusikilize wote?"

Alitema mate pembeni ya mlango wetu. "Basi ujue hivi. Shamba hili ni la ukoo. Halikai na mwanamke wa Ileje asiye na mume."

Tangu siku ile tulikaa kama watu waliozingirwa. Mbuzi wake walifunguliwa asubuhi na kuelekezwa kwenye maharage yetu. Njia yetu ya kisimani iliwekwa miiba. Mwanawe Lwitiko, ambaye tulikuwa tunakula naye sahani moja, akaacha kuniita dada, akaniita "we mtoto wa mjane". Mama hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Alivuta miiba kwa jembe na kuirundika mbele ya mlango wa Baba mkubwa. Mbuzi walipokuja tena, alisimama katikati ya shamba akapaza sauti majirani wote wasikie: "Shemeji, mbuzi wako wana adabu kuliko mwenye nao! Wao wakishiba, wanaondoka!"

Majirani walicheka. Kicheko kile kilitugharimu. Baba mkubwa alivumilia matusi maisha yake yote, lakini kuchekwa hakuweza.

Kilichokosekana kwake kilikuwa sababu ya kutufukuza ambayo ukoo ungeikubali. Sababu hiyo nilimpelekea mimi.

Nilikuwa nimefika kwenye kurasa za kushuka. Kitabu kilisema chombo cha yule mtu kilipokuwa kikirudi kiliwaka moto pande zote, nje kikaungua kikawa cheusi, kikaanguka kwenye shamba lililolimwa, na wakulima wakakizunguka wakiwa wameshika majembe, wakiogopa kukisogelea. Kisha mlango ukafunguliwa, mtu akatoka mzima. Palikuwa na picha. Kitu cheusi, kizito, kimelala shambani, kina mashimo mashimo kama unga uliobonyezwa kwa vidole, na watu wamesimama kukitazama.

Niliitazama picha ile mpaka macho yakauma. Kitu kile nilikuwa nakijua. Mtoto yeyote wa kwetu angekijua. Kilikuwa mwendo wa asubuhi moja kutoka nyumbani, na shule ilitupeleka kukiona tukaimba wimbo mbele yake. Kilikuwa kimondo.

Ninyi mnaoishi mbali mmeona labda picha zake: jiwe lile la chuma, refu kuliko kitanda, limekaa shimoni juu ya kiguzo cha udongo, jeusi lenye wekundu wa kutu. Siku hizi lina uzio na wageni hulipiga picha. Enzi zetu lilikuwa limekaa tu. Tulifundishwa nyumbani kwamba lilishuka, halikuota, kwa hiyo lina heshima zake. Halikaliwi. Halipigwi. Na kahawa ikiwa kwenye maua, halitajwi ovyo. Na upande mmoja lina mahali palipokatwa na watu waliotaka kipande, panang'aa, pamenyooka kama pamepigwa randa. Tulipopelekwa na shule sikupatilia maanani. Sasa nilielewa pale ni nini. Ule ulikuwa mlango.

Yaani watu wa Mbozi, wilaya yetu nzima, walikuwa wamekaa na chombo miaka yote hiyo, wakakiimbia nyimbo, na hakuna aliyefikiri kumfungulia aliyemo ndani!

Nilitoka asubuhi bila kumwambia mama. Nilibeba nyundo ya baba ndani ya kikapu, nimeifunika kwa majani ya maboga. Kahawa ilikuwa imechanua. Mashamba yote yalikuwa meupe, na harufu ya maua yale ilikuwa nzito, mtu anahisi kama anatembea ndani ya maziwa. Nilifika, hapakuwa na mtu. Nikashuka shimoni. Nikaweka sikio kwenye ule mlango. Ulikuwa wa baridi, na ndani palikuwa kimya. Nikaona kimya kile ni cha mtu anayenisikiliza na yeye.

Nikapiga. Kimondo kililia kama kengele ya shule, ile ya rimu ya gari, lakini mlio wake uliingia chini ya ardhi na kunirudia miguuni. Nikapiga tena, nikaita, "Baba! Ni mimi Tumpe! Fungua kwa ndani!" Nikapiga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nilimwambia kuhusu mbuzi na miiba. Nilimwambia kaka yake anataka shamba. Nilimwambia asione aibu kwa kuungua, sisi tutampaka mafuta.

Nilipoinua uso, Lwitiko alikuwa amesimama juu ya shimo na fimbo yake ya kuchungia. Alikuwa amenifuata tangu nyumbani. Alinitazama kwa hofu niliyodhani ni huruma, kisha akageuka, akakimbia.

Haikupita wiki mvua ya mawe ikanyesha. Ilikuja mchana, na kelele zake juu ya mabati ya jirani zilikuwa kama mtu anamwaga misumari. Ilipokoma tulitoka nje, na chini kulikuwa kweupe. Hukuweza kujua lipi ni ua na ipi ni barafu. Mama aliokota tawi moja la kahawa, akalitazama, akaliweka chini taratibu kama mtu anavyomlaza mtoto. Mavuno ya mwaka mzima yalikuwa pale matopeni. Kabla jua halijazama, jina langu lilikuwa midomoni mwa Hasamba nzima.

Kikao cha ukoo kilifanyika uani kwa Baba mkubwa. Wazee walikaa kwenye viti vya kukunja, akina mama chini. Mimi na mama tulisimamishwa. Lwitiko alieleza alichokiona, na alieleza kweli, sikumlaumu kwa hilo. Watoto nyuma ya ua waliimba, "Mpiga mbingu, mpiga mbingu!" na hakuna mtu mzima aliyewanyamazisha.

"Tumpe," Baba mkubwa akasema, "nani alikutuma ukalipige lile jiwe?"

"Hakuna, Baba mkubwa. Nilisoma."

"Ulisoma. Lete hicho ulichosoma, watu wote wasikie sumu inayosomwa nyumba ile."

Nikakileta. Nikaambiwa nisome. Nilisimama katikati ya uwanja uliojaa watu walionichukia, nikasoma kwa sauti ya darasani sehemu ya kupanda juu: jinsi moto ulivyomsukuma, jinsi mwili wake ulivyokuwa mwepesi kama manyoya, jinsi alivyoiona dunia nzima imeviringana, ya bluu, haina mpaka hata mmoja. Nitasema jambo moja la haki kuhusu wazee wale. Walisikiliza. Kiti kimoja kililia mwenye kukikalia alipoinama mbele. Mzee mmoja, mjomba wa baba, alinyanyua kidole.

"Huko juu alimkuta nani?"

"Hawajaandika kwamba alimkuta mtu, babu."

"Hata marehemu wetu? Hakumkuta hata mmoja?"

Nilitazama kurasa zilizobaki, nyembamba, na nikasema, "Bado sijafika mwisho."

Wakacheka baadhi yao, lakini si kwa ubaya, na nikaona mioyo yao inalegea. Mama naye aliona. Akasogea mbele.

"Wazee wangu, mvua hii imepiga Hasamba, imepiga mpaka ng'ambo ya mto. Huyu mtoto ana mkono mrefu kiasi hicho? Na kama mbingu zimekasirika, mbona zimepiga kahawa yangu pia? Mungu wangu hamwadhibu mtoto kwa kumtafuta baba yake."

Wangeweza kutuachia pale. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi na bado naamini hivyo. Lakini Baba mkubwa alisimama kabla maneno hayo hayajakaa. Alininyang'anya kitabu mkononi.

"Mwisho wake nitausoma mimi," akasema.

Kisha, mbele ya ukoo, akachana ukurasa wa kwanza, akatoa tumbaku mfukoni, akaisokota ndani ya ukurasa ule, akailamba pembeni, akaiwasha. Akavuta. Moshi ukapita juu ya kichwa changu. Mtu anayeweza kufanya hivyo mbele ya watu, watu wanaelewa kwamba shauri limekwisha. Mzee mmoja baada ya mwingine akakubali kwamba mjane arudi kwao Ileje "mpaka mambo yatulie". Shamba lingekaa mikononi mwa Yoramu.

Tulipewa muda wa kufungasha. Kila jioni ya siku zile alikuja kusimama kwenye mpaka wa shamba letu akivuta. Sikuhitaji kuambiwa anavuta nini. Nilimtazama yule mtu wa angani akipanda tena juu, ukurasa baada ya ukurasa, kutoka mdomoni mwa Baba mkubwa, akipotea juu ya mibuni iliyonyauka. Nilimwomba Mungu amuue Baba mkubwa. Niliomba kwa maneno mazuri, niliyojifunza Shule ya Jumapili. Mungu katika hekima yake hakunijibu, akampa umri mrefu kuliko wote waliokuwa kikaoni.

Tuliondoka na sufuria moja, kuku mmoja na sanduku la bati. Mama alifunga mlango akaweka ufunguo juu ya kaburi la baba. "Mlinzi ni wewe," akamwambia. Hakulia mpaka tulipoanza kupanda milima.

Ibaba kuna ukungu na baridi, na viazi vitamu kuliko vya mahali popote. Ndugu za mama walitupokea. Kanisa lilinisomesha, na siku moja nikavaa joho la kazi ya Bwana na mama akiwa hai kuniona. Kwa hayo yote nashukuru kila ninapoamka. Lakini nisiseme uongo: chini ya shukrani zangu zote kulikuwa na swali la mtoto ambalo halikulala. Kitabu kiliishaje? Niliuliza vitabu vya namna ile kila nilikopita. Niliona vingine, vya watu wengine waliokwenda juu. Kile cha baba sikukiona tena.

Baba mkubwa alipokuwa mzee sana wa kitandani, kanisa lilinituma kumwombea mgonjwa mwingine kule Hasamba, na miguu yangu ikanipeleka kwake. Alinitambua mara moja.

"Umekuja kuchukua shamba?"

"Shikamoo, Baba mkubwa. Nimekuja kukuombea."

"Marahaba. Omba basi, lakini kaa huko huko mlangoni."

Nikaomba nikiwa nimesimama mlangoni. Nilipomaliza alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Karatasi yake ilikuwa nzuri. Ilishika moto taratibu."

Ngumi ilijikunja siku ile pia. Nikamuuliza, "Uliusoma mwisho?"

"Nilisoma kila ukurasa kabla ya kuuvuta. Uliniona mimi mjinga?" Akakohoa kwa muda mrefu. "Alirudi kwao kijijini. Watu wamejaa barabarani, na bendera, na ngoma. Mama yake akawapita wote, akaja mpaka mbele yake. Wanafikiri atamkumbatia. Akamchapa mkono. Akamwambia, 'Uliondoka bila kuaga.' Basi. Baada ya hapo ni jalada."

Nilisimama nimeshika mwimo wa mlango. Sikujua kama mwisho ndivyo ulivyoandikwa au ameutunga kitandani pale. Mpaka leo sijui.

"Na baba yako naye," akasema, amegeukia ukutani, "alitoka alfajiri ile kwenda Tunduma, akapita mlangoni kwangu, hakuniaga. Mdogo wangu." Kisha sauti yake ikarudi ile ya kuita ng'ombe: "Nenda sasa. Umeshaomba."

Hatukuonana tena.

Basi juzi, chini ya turubai, Lwitiko alinijia na karatasi ya wasifu. Ni mzee sasa, ana fimbo, na mbuzi wake ni wengi kuliko wa baba yake. "Dada, wewe ndiye mwenye sauti ya kanisa," akasema. Nikapitisha macho. Palikuwa na kuzaliwa, ndoa, watoto, kahawa bora. Halafu sentensi hii: "Baada ya kifo cha mdogo wake, marehemu alimtunza mjane na yatima wake kwa upendo mkuu."

"Lwitiko," nikasema, "hii uliiandika wewe?"

"Wageni wengi, dada. Isome tu. Mtu akifa anapumzishwa."

Niliposimama mbele ya jeneza, watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye mibuni. Nilisoma kuzaliwa. Nilisoma ndoa. Nilipofika kwenye sentensi ile nikanyamaza, na nikaona shingo ya Lwitiko ikikakamaa. Mtu akiitwa kusoma maisha ya mwenzake mbele ya Mungu, ameshika kitu kizito. Yule mtoto wa uwanjani alisoma kilichoandikwa, akaadhibiwa. Nikajua nitaadhibiwa leo kwa kutokusoma.

"Sentensi inayofuata siisomi," nikasema. "Mjane alikuwa mama yangu. Yatima ni mimi. Marehemu alitufukuza kwenye shamba hili hili tulilosimama. Nimemsamehe, na Mungu ni shahidi, lakini kusamehe si kusema halikutokea."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi makavu. Mtu nyuma akasema kwa sauti, "Hata kwenye jeneza, jamani!" Mwingine akajibu, "Ni Mndali huyo, mama yake alikuwa hivyo hivyo." Nilishukuru kusikia hilo.

"Lakini," nikaendelea, "marehemu alinirudishia kitu kimoja. Nilipokuwa mtoto nilipotewa na mwisho wa hadithi, yeye peke yake katika dunia hii alikuwa nao, na kabla hajafa alinipa. Ningekuwa mimi ninaandika wasifu huu, ningeandika hilo. Moyoni mwake alikuwa kaka aliyeachwa na mdogo wake bila kuagwa, na hakujua njia nyingine ya kulia." Nikakunja karatasi, nikakaa.

Baada ya mazishi hakuna aliyenisogelea. Sahani yangu ya chakula ililetwa na mtu asiyenitazama. Lwitiko alikuja mara moja tu, akasimama kwa mbali, akauliza, "Gari lako linaondoka saa ngapi?" Nikamwambia naondoka sasa hivi. Akatikisa kichwa kukubali. Alipogeuka nikamwambia, "Lwitiko, nakuaga." Akasimama. Alibaki amesimama mpaka nilipopita kaburi la baba na kufika barabarani.

Nilimwomba dereva apitie kimondo. Kina uzio na jengo sasa, na vijana walikuwa wakijipiga picha, lakini waliniruhusu kushuka chini kwa sababu ya mvi zangu. Pale mahali palipokatwa bado panang'aa. Nilipawekea kiganja. Jua lilikuwa limekaa hapo tangu asubuhi. Palikuwa na joto kama mgongo wa mtu. Najua ni jiwe. Nimejua miaka mingi kwamba ni jiwe. Nikapachapa kidogo, kama mtu anavyochapa mkono wa mtoto wake.

"Uliondoka bila kuaga," nikasema.

Kisha nikapanda gari kurudi Ileje.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie kumuaga kila unayemwacha mlangoni, hata kama ni kwa hatua chache tu. Na kama kuna aliyekuchania kitabu chako kabla hujafika mwisho, Bwana akupe maisha marefu ya kutosha kuupata, na moyo mpana wa kuupokea kutoka mkono wowote atakaouchagua. Amina.